Kupima saratani kwa daktari wa familia hapa Malindi: daktari nampa tano kwa tano, risepsheni nampa mbili

Jina la kliniki siliweki, manake kuna mambo ntayalalamikia hapa chini na sitaki kumharibia mtu riziki yake. Ni ya binafsi, iko mjini, ghorofani, ngazi zenyewe nyembamba mkikutana wawili lazima mmoja arudi nyuma, na shangazi yangu mwenye magoti mabovu alizipanda huku anamtaja aliyejenga ile nyumba na wazee wake wote. Tumeenda mimi, shangazi na baba watoto, kila mtu na lake ila sote kwa jambo moja, kuangaliwa saratani.

Kwanza niseme kwa nini daktari wa familia na sio labu moja kwa moja, manake shoga yangu mmoja alikuwa keshanipa karatasi ya labu wanaouza pakeji ya kupima "kansa zote" kwa damu mara moja, bei yake ukiisikia unatafuta kiti. Nikaibeba ile karatasi nikamwonyesha daktari. Akaisoma mpaka chini alafu akanambia hivi, hizi CEA na CA-125, vile vipimo vya damu vilivyomo kwenye hiyo pakeji, mara nyingi ni za kumfuatilia mtu ambaye ugonjwa wake ushajulikana, kuangalia dawa zinashika ama umerudi, hazikuwekwa kwa ajili ya mtu mzima asiye na dalili yoyote. CA-125 hupanda kwa faibroidi, kwa hedhi, hata kwa mimba. CEA mvuta sigara anaweza kuwa nayo juu na hana kitu. Kwa iyo unalipa, unaletewa namba imepigwa rangi nyekundu, hulali, unatumwa skani Mombasa, na mwisho wa yote ni zile faibroidi zako unazozijua tangu mtoto wa kwanza. Sasa huyu mtu damu anatoa yeye mwenyewe pale pale, angenyamaza angekula hiyo pesa. Hapo ndo nilipoanza kumwamini.

Alafu anauliza. Yaani anauliza mpaka unachoka. Nani kwenu aliugua nini, alikuwa na umri gani, upande wa mama na upande wa baba pia, manake saratani ya matiti na ya ovari inaweza kupitia kwa baba na watu wengi huhesabu upande wa mama tu. Shida ni kwamba sisi huku hatusemi, utasikia "aliumwa na tumbo", "alikuwa na uvimbe", "ugonjwa ule", imeisha hiyo. Ilibidi nimpigie simu binamu yangu Mambrui nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha daktari, ndo nikajua mambo ya nyumbani kwetu ambayo sikuwahi kuambiwa maisha yangu yote. Daktari akangoja. Nje foleni watu wanakohoa makusudi na yeye kangoja tu.

Kwa wasiojua, daktari wa familia sio yule wa kawaida aliyemaliza udaktari akafungua kliniki, huyu amerudi chuo tena kusomea hiyo hiyo kazi ya kumwona mtu mzima mzima na nyumba yake. Hapa Kenya Chuo cha Moi ndo walianza kuwafundisha mwaka 2005, kwa iyo bado ni wachache, ukimpata mshike.

Sasa ya shangazi. Yeye alikuja kwa presha tu, kansa hakuitaka hata kuisikia. Shangazi yangu anakula tambuu, na tambuu yake ni ile kamili, popoo, chokaa, katu na tumbaku, anaiweka shavu la kushoto inalala hapo. Daktari akamwamkia shikamoo, wakaulizana hali, akaona ule wekundu wa meno, hakumkemea wala hakumpa mawaidha. Akamwambia "mama, niruhusu nikuangalie kinywa." Akavaa glavu, akachukua kipande cha shashi akamshika ulimi kwa ncha, akauvuta pole pole upande huu, akamulika pembeni, akauvuta upande wa pili, akamwambia auinue aangalie chini yake, kisha akapitisha kidole ndani ya shavu pale tambuu inapokaa. Nikamwona karudia mara ya pili pale pale. Kulikuwa na doa jeupe, dogo. Akalisugua kwa shashi, halikutoka. Akaeleza kuwa fangasi ya kinywa ukiisugua mara nyingi hubanduka, hili halibanduki, kwa iyo haliachwi hivi hivi. Akampapasa na shingo kutafuta matezi. Yote hayo ni dakika chache na mashine hakuna, tochi na kidole.

Alipomwambia kuhusu popoo shangazi akacheka, "mwanangu, mimi nimeanza tambuu mamako hajaolewa." Daktari naye akacheka, ila akamwambia wazi kwamba watu wa utafiti wa saratani wa WHO, wale walioko Lyon Ufaransa, tangu 2004 wameiweka popoo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu kwa hakika, popoo yenyewe, hata ukiitoa tumbaku. Hilo mimi sikulijua, siku zote tunaona kosa ni tumbaku. Akamwandikia barua kwa daktari wa meno akatwe kinyama kipimwe. Majibu yalikuja sio saratani ila seli zimeshaanza kubadilika kidogo, aache tambuu na awe anarudi kuangaliwa. Kaacha? Anasema kaacha. Nyumba ina harufu ya karafuu siku hizi, nadhani anatafuna hizo badala yake.

Na chai pia alimwambia aiache ipoe, hiyo inayounguza koo, manake vinywaji vya moto zaidi ya digrii 65 hao hao wa Lyon walivitaja 2016 kwamba huenda vinaleta saratani ya umio, ile njia ya chakula toka kooni mpaka tumboni, na umio hapa kwetu Kenya ni kati ya zile saratani zinazoongoza. Shangazi hapo ndo alikasirika kweli kweli. Tambuu sawa, sasa na chai?

Kwangu mimi ilikuwa mlango wa kizazi na matiti. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kile chuma wanachokuingizia ukeni ili waone ndani, niwaambie ukweli wanawake wengi huku tunakimbia kipimo kwa sababu ya chuma na kwa sababu ya nani atakayekishika. Hapa hamna hofu hiyo. Sista, mwanamke, akanipa kijiti kirefu chenye kichwa laini ndani ya mfuko wake, akanambia dada pita nyuma ya pazia, usikiguse kile kichwa, ingiza taratibu mpaka uhisi kimegota, kizungushe, kitoe ukitie kwenye kichupa. Basi. Unajichukulia mwenyewe, buibui yako mwilini. Ni kipimo cha kirusi cha HPV, ambacho ndicho kiko nyuma ya karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na aina mbili tu, 16 na 18, zinabeba kama 70 kwa kila 100. Ukiwa huna kirusi unarudi baada ya miaka 5 ukiwa na umri wa 30 kwenda juu. Mwenye HIV anaanza mapema zaidi, 25, na anarudi mapema.

Nikamuuliza je nikikutwa nacho? Akanichorea kwenye karatasi. Kuwa na kirusi sio kuwa na kansa, kwa mwenye kinga nzuri inaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20 toka seli zinapoharibika mpaka ziwe saratani, na wengi mwili unakifukuza wenyewe. Ukikutwa nacho ndo unaangaliwa sasa kwa chuma, wanapaka siki, sehemu yenye shida inageuka nyeupe, na kama inafaa kutibiwa inachomwa kwa joto siku hiyo hiyo unarudi nyumbani kupika. Siki, si dawa ya ajabu.

Matiti aliniangalia sista kwa mkono, vizuri, mpaka kwapani. Mamogramu pale hawana na hawakunidanganya kuwa altrasaundi itafanya kazi ile ile, akanambia ya kwako ni Mombasa, umefika 40, panga safari. Na aliposikia nina binti wa miaka 10 akanambia mpeleke zahanati ya serikali akachanjwe HPV, ni bure, hii chanjo ipo Kenya toka 2019, usije kuinunua kwa mtu. Hili nalo angeweza kuniuzia.

Baba watoto sasa. Alikuja kama dereva. Daktari akamuuliza mambo ya mkojo akasema hana neno, akamuuliza alikulia wapi akasema upande wa Garsen, kuogelea maziwani kila siku utotoni. Ulishawahi kukojoa damu ulipokuwa mdogo? Akajibu kama jambo la kawaida kabisa, ndio, sote tulikuwa tunakojoa damu. Mimi hapo nimeolewa naye miaka yote hiyo sijui! Ni kichocho, na kichocho hiki cha mkojo kikikaa miaka mingi bila dawa kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Mkojo ukapimwa hapo hapo, hauna damu wala mayai, alhamdulillahi, ila akaambiwa akiona damu siku yoyote hata mara moja bila maumivu asiseme ni joto la Malindi. Ya tezi dume walizungumza, kipimo chake cha damu kiitwacho PSA akaelezwa faida na hasara, kwamba tezi ikikua kwa umri ama ikipata maambukizi namba inapanda, na wanaume wengi wenye PSA kati ya 4 na 10 hawana kansa, lakini ukishaiona hiyo namba huwezi kuisahau. Akapewa nafasi afikirie. Bado anafikiria, mjue wanaume.

Haya, risepsheni. Nimeingia, benchi limejaa wanaume, wawili nawajua wa sokoni, yule binti nyuma ya meza akapaza sauti, "Ni wewe wa kupimwa njia ya uzazi?" Wallahi nilitamani ile sakafu ifunguke. Daktari anakufunika kwa pazia, huyu anakufunua kwa mdomo. Pazia lenyewe nalo halifiki ukutani, kuna upenyo wa mkono mzima, mkae upande wa kulia.

Lakini la kuniudhi hasa ni majibu. Sampuli inapelekwa labu ya nje, nikaambiwa tutakupigia. Nikakaa. Simu haikuja. Nikapiga mimi, bado hayajarudi. Nikapiga tena, daktari hayupo. Mwisho nikapanda zile ngazi mwenyewe, binti akafungua kompyuta, majibu yako kwenye imeili, yamekaa yamekaa tu, hakuna aliyeyafungua! HPV hakuna, sawa, kwangu imeisha salama. Ila ingekuwa ipo? Mtu asipopigiwa anajua ni mzima, anaendelea na maisha yake, na anamwambia na jirani mimi nilipima niko sawa. WHO wanataka mpaka 2030 wanawake 70 kwa kila 100 wawe wamepimwa kabla ya kutimiza 35 na tena kabla ya 45, sasa huyu ambaye majibu yake yamelala kwenye imeili tumhesabu wapi, kapimwa ama hajapimwa? Nilimwambia daktari uso kwa uso, hakujitetea, akasema wataanza daftari la majibu. Daftari la kawaida, jina, tarehe ilipotoka sampuli, tarehe ilipopokelewa, nani kampigia. Kitu kidogo hicho, kingeanza siku ya kwanza walipofungua mlango.

Malipo ni taslimu ama M-Pesa, SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa vipimo hivi hawakuikubali, kumwona daktari 1,500 na HPV kando ni pesa nyingine nyingi kuliko hiyo, ulizeni kabla. Asiyekuwa nazo aulize kituo cha afya cha serikali kilicho karibu naye kama wanafanya kile kipimo cha siki, hicho hakihitaji labu na jibu unapewa ukiwa bado hujashuka kitandani.

Nitarudi? Kwa daktari yule, ndio, na shangazi ana miadi yake ya kinywa. Mkienda nendeni asubuhi, Ijumaa wanafunga kwa ajili ya swala na hawafungui tena mpaka jua limeshuka, binti wa risepsheni mwambieni taratibu sikioni mmefuata nini, na namba ya simu mwandikieni mbili, yako na ya mtu anayepokea simu, alafu msingoje kupigiwa, pigeni nyinyi.