Tairi la 40, la 45 au la Inchi 26: Lipi Linafaa Barabara za Msitu za Usambara?

Watazamaji, karibuni. Mezani hapa yapo matairi matatu. La kwanza 700 kwa 40, yaani upana wa milimita 40, la pili 700 kwa 45, la tatu inchi 26 kwa upana wa inchi 2.1, lile la maunteni, baiskeli za milimani, za mtumba. Swali ni moja: ukitaka kuendesha baiskeli kwenye changarawe za Usambara, mbali na malori na mabasi, ununue lipi? Mwenye haraka namjibu sasa hivi: la 40 liache mjini. Hayo mawili yanayobaki, kinachoamua ni fremu uliyonayo na mfuko wako.

Tuanze na njia, maana tairi bila njia halina maana. Usambara Mashariki unaingilia Muheza, unafika Zigi, pale kwenye geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Unalipa kiingilio cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, unachukua risiti, unaanza kupanda. Zigi iko kwenye mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari, Amani imepita 900. Barabara ni kokoto na udongo mwekundu, kivuli karibu mwanzo mwisho, kona baada ya kona. Ukishafika juu, kuna njia za kuelekea Kwamkoro, Monga na Bulwa, msitu unapokezana na chai. Magari ni ya kuhesabu. Bodaboda zipo, na hazipigi honi kila kona, kwa hiyo kaa kushoto. Ukitaka kukatiza ndani ya shamba la chai, omba ruhusa kwanza. Zile ni barabara za shamba, si za umma.

Usambara Magharibi, jamani, msipande na baiskeli ile lami ya Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita 33, kona kali, na malori ya mboga yanashuka yamejaa. Pakia baiskeli kwenye basi. Lushoto iko mita 1,400 hivi, anzia pale uelekee msitu wa Magamba, ambao vilele vyake vinafika kama mita 2,300. Mle ndani ndiko kuna njia za kupita peke yako na mbega. Huko nako kuna kiingilio, na mwezi wa sita mpaka wa nane beba koti; baridi ya Magamba haina utani.

Haya, matairi.

Kamera isogee hapa ubavuni. Mnaona maandishi haya, 40-622? Hiyo namba ya pili ndiyo ya kuamini kuliko zote. Ni kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi linapokaa. Baiskeli ya 700 ni 622. Maunteni ya inchi 26 ni 559. Sasa ile Phoenix ya nyumbani, ya 28 kwa 1½, rimu yake ni 635. Watu wanaona tairi limeandikwa 28 kwa maandishi makubwa, wanalinunua, wakifika nyumbani haliingii hata kwa bisibisi mbili, maana limeandikwa 622 kwa maandishi madogo. Milimita 13 hazivutiki. Ukilazimisha, unakata waya wa tairi au unatoboa tyubu. Dukani usiulize "una ishirini na nane?" Soma ubavu.

La 40 lina sifa zake. Ni jepesi, na kwenye lami linakimbia. Tatizo lake ni kushuka. Kutoka Amani kurudi Zigi kuna mawe yaliyochomoza na makalavati yenye kingo kali. Tairi jembamba lina upepo mchache ndani, kwa hiyo ukigonga jiwe, tairi linabonyea mpaka rimu inaigusa tyubu na kuibana. Ukitoa tyubu unakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Ukiona hivyo usihangaike kutafuta mwiba, hakuna. Upepo ulikuwa mdogo au tairi ni jembamba. Unaweza kuongeza upepo mpaka psi 55 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), tundu hutapata, ila sasa tairi linadunda juu ya kokoto na kwenye kona linakutupa nje. Ndiyo maana nalikataa.

La 45 linaondoa sehemu kubwa ya shida hiyo. Kwa mtu wa kilo 70 anayetumia tyubu, anzia psi 35 mbele na 39 nyuma. Kilo 85, ongeza 5 kila upande. Ukisikia rimu inagonga, ongeza 2. Ukiona baiskeli inaruka kwenye mteremko, punguza 2. Pampu yenye geji ni ya lazima, kidole gumba kinadanganya.

Lakini la 45 lina sharti: fremu ikubali. Funga tairi, lijaze, kisha chukua alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 6 uipitishe kati ya tairi na fremu, pande zote na juu, mbele na nyuma. Isipopita kwa uhuru, hilo tairi si la kwako. Kwa nini? Amani inapata mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka, na ule udongo mwekundu ukilowa unanata kama ugali uliokosa maji ya kutosha. Unajibandika kwenye tairi, unaokota majani na vijiwe, unajaa kwenye foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, gurudumu linagoma. Na vile vijiwe vinakwangua fremu mpaka chuma kinaonekana. Kwa Magamba na Amani mimi ningetaka milimita 10. Januari na Februari, halafu Julai mpaka Septemba, ndiyo miezi ambayo tope halisumbui sana. Masika usiende, baki ufukweni Raskazone, Tanga mjini, uogelee.

Sasa hili la inchi 26. Wengi wanalidharau. Maunteni ya mtumba ina nafasi kubwa kwenye foku, 2.1 inaingia na tope linapita. Jazia psi 28 mbele na 32 nyuma. Chagua lenye kashata, vile vinundu vya juu ya tairi, fupi katikati na ndefu pembeni. Yenye kashata ndefu kote yanakula nguvu kwenye kupanda. Faida nyingine ni giya. Meno 22 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.3 tu. Baadhi ya baiskeli za changarawe zina 30 mbele na 34 nyuma, karibu mita 2. Phoenix yenye giya moja inakaribia mita 5, na hapo ndipo watu wanaposhuka kusukuma. Kwa mlima wa Zigi, mtumba inaishinda baiskeli ya mamilioni kwa mtu asiye na mapaja ya mashindano.

Hasara yake ni breki za rimu. Mchanga unaingia kwenye raba, raba inageuka msasa, rimu inaliwa. Kabla ya kushuka, toa raba, chomoa kokoto zilizojikita kwa ncha ya kisu, hakikisha bado ina mistari. Na usishike breki moja kwa moja mpaka chini: rimu inachemka, tyubu inapasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena.

Tyubu au tyubulesi? Tyubulesi, yaani tairi lisilotumia tyubu, ni nzuri, inakuruhusu kushuka mpaka psi 28 kwenye 45. Inataka rimu yake, tepu yake, na dawa ya kuziba matundu mililita 60 kila tairi, ambayo kwa joto la Tanga inakauka ndani ya miezi miwili hadi minne. Tairi likitoka kwenye rimu huko Bulwa, pampu ya mkono mara nyingi hailirudishi, linataka kompresa. Kwa huku nashauri tyubu, yenye valvu nene kama ya bodaboda, ili upate upepo popote palipo na fundi. Rimu yenye tundu jembamba la valvu inaweza kutobolewa kutoka milimita 6.5 hadi 8.5, ila siyo rimu nyembamba, inapoteza nguvu.

Kwenye begi beba tyubu mbili, viraka, solusheni, msasa, visukumio vya kutolea tairi kwenye rimu na kipande cha cheni. Solusheni ukipaka, subiri dakika 5 mpaka ising'ae ndipo ubandike kiraka. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, wakifika kona ya pili kiraka kimeng'oka, wanamlaumu mwenye duka.

Bei za haya matatu nimeziweka hapo chini ya video. Ukienda dukani nenda na picha ya ubavu wa tairi lako la zamani.