Seti ya kushona gauni la Krismasi la mwanasesere: pateni naisifu, kitambaa sikitaki

Gauni hili nimeshalishona mara tatu. Mara ya kwanza nilitumia kitambaa kilichokuja ndani ya seti, mara mbili zilizofuata nikatumia changu, na kwa nini nilibadilisha ndiyo hadithi yenyewe.

Ndani ya boksi mna karatasi ya pateni (michoro ya kukatia vipande vya gauni), mahameri nyekundu, ukanda wa manyoya bandia meupe, utepe wa satini, kamba ya dhahabu na vishikizo vinne vidogo vya chuma. Vipimo ni vya Barbie wa umbo la siku zote, yule wa sentimita 29 hivi. Kama wako ni wa maumbo mapya yaliyotangazwa 2016, jihesabie kazi ya ziada: yule mnene hafungiki mgongoni, na yule mfupi anaburuza pindo.

Wangu si wa thamani. Mattel, kampuni inayotengeneza Barbie, ilianza kutoa wanasesere wake wa sikukuu wa Happy Holidays mwaka 1988, wa kwanza akiwa na gauni jekundu, na wenye kuwakusanya wengi hawathubutu hata kuwatoa kwenye boksi. Mimi nilimpata wangu bila nguo, nikataka avae kama wale.

Niseme kwanza kuhusu pateni, maana aliyeichora ni fundi kweli. Mikono inaungwa kwenye mabega nguo ikiwa bado imelala bapa, ubavu ndio unashonwa mwisho. Ukifuata mtindo wa nguo za watu wazima, ufunge ubavu halafu uingize mkono, utajikuta unazungusha cherehani kwenye tundu lisilopita hata kidole. Shingo haina pindo; imemalizwa kwa bitana nzima, ikageuzwa, ikatulia. Unashona milimita 6 kutoka ukingoni kisha unapunguza zibaki 3, ili mshono usivimbe. Mgongo unafunguka mpaka chini ya kiuno, kwa hiyo huna haja ya kumvunja mabega ukimvisha. (Kidole gumba kikikwama kwenye mkono wa gauni, mvishe kiganja kipande cha nailoni kwanza. Kinateleza.) Hata vishikizo ni chaguo la mtu mwenye uzoefu. Velkro hung'ang'ania nywele za mwanasesere, ukiivuta inatoka nazo.

Seti inakuja pia na nakala ya pateni ya kuchapisha mwenyewe. Hapo angalia. Printa ikiachiwa ibane ukurasa uenee kwenye karatasi, inaupunguza kidogo bila kukuambia. Yangu ilipunguza asilimia 3. Kwenye kifua cha sentimita 13 hizo ni milimita 4, nazo zinatosha kabisa kulifanya gauni ligome kufunga. Pima kwa rula kimraba cha majaribio kilichochorwa kwenye pateni kabla hujashika mkasi.

Sasa kitambaa. Mwanasesere huyu ni kama sehemu moja ya sita ya mtu, lakini kitambaa hakipungui pamoja naye. Mahameri ya unene wa milimita 1 kwake ni sawa na wewe kuvaa ya milimita 6, na hilo ni zulia. Nilipoyavuta marinda kiunoni, binti akawa kama amefungiwa godoro. Cherehani nayo ikaikataa: tabaka la juu linateleza, la chini linabaki. Nikaishia kushona kwa mkono, usiku mbili.

Halafu mahameri ina uelekeo. Ukiipapasa upande mmoja inalala na kung'aa, upande wa pili inasimama na kuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo vipande vyote vya sketi lazima vielekee kumoja. Kipande walichoweka hakitoshi kuvipanga hivyo. Kimoja nililazimika kukikata kichwa chini, na mpaka leo upande wa kushoto unaonekana kama umelowa. Manyoya nayo walishayakata kwa mkasi, kingo zimenyolewa. Manyoya hukatwa kwa wembe upande wa nyuma, ukipasua kitambaa chake tu.

Hayo yote ningeyasamehe. Kilichoniudhi ni rangi. Nilimwacha na gauni lake kwa wiki tatu, nilipomvua nikakuta bega na ubavu vimekuwa vya waridi. Vinili ya mwili wake ni plastiki laini, hunywa rangi ya kitambaa, hasa nyekundu na nyeusi, na kuosha kwa sabuni hakusaidii kitu. Nilimpaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10, nikamfunika nailoni, nikamwanika juani siku kadhaa. Doa lilififia. Lakini njia hiyo ina hatari yake: ukizidisha, inapausha na ngozi iliyokuwa salama. Karatasi ya maelekezo haina hata sentensi moja ya onyo, wakati waliouza nguo nyekundu ni wao.

Mara ya pili na ya tatu nilitumia pamba nyembamba. Niliifua mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikaisugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kuhakikisha haiachi kitu, na bitana nikaweka nyeupe. Sindano namba 70, mshono wa milimita 1.5, na kikaratasi chepesi chini ya kitambaa ili meno ya cherehani yasimeze kona mwanzoni. Gauni la tatu lilichukua jioni moja. Marinda yanaanguka, kiuno kinaonekana.

Wakianza kuuza pateni peke yake, nitachukua na zile nyingine wanazozitangaza. Seti nzima sinunui tena, labda kwa ajili ya vile vishikizo.

Bega bado lina kivuli cha waridi ukilitazama kwenye mwanga mkali. Nimemshonea kijikoti cha manyoya, hakivuki kiwiko, na hakimtoki.