Miaka 53, ubao wa futi tisa: masomo yangu ya mawimbi Bagamoyo

Nianze na aibu yangu. Miaka miwili nimepanda mawimbi kwa ubao (ule mchezo wa surfing) nikiwa nimepiga magoti tu. Goti la kulia linalia kama mlango wa stoo, nikajiambia kusimama ni kazi ya watoto. Mwezi wa saba nikamlipa kijana mmoja anayefundisha ufukweni Bagamoyo, masomo sita kwa shilingi 120,000, ubao juu yake.

Msidanganyike, mawimbi makubwa hapa hakuna. Unguja imekaa mbele yetu, inakinga. Utakachopata ni vimawimbi vya upepo wa kusi, vya kiunoni siku nzuri, tena vinakuja vurugu vurugu. Anayetaka sifa hapamfai. Mimi nilipapenda kwa sababu chini ni mchanga, ukianguka huchaniki. Ila ujue maji. Yakipwa, bahari inakimbia mbali, unabaki unatembea topeni na ubao kichwani kama muuza mihogo. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa kwenye saa kumi jioni, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50, na somo linachelewa nayo. Usimpangie mwalimu saa.

Somo la kwanza hatukugusa maji. Ubao wangu wa futi sita, nilioununua mtumba Dar, aliutazama mara moja akaurudisha kwenye bajaji. Akanipa wa sponji, futi tisa, mpana kama mlango. Ule unaelea, unalidaka wimbi mapema, na mtu mzima anapata nafasi ya kujikusanya kabla halijavunjika. Nusu ya ugonjwa wangu ilipona hapo.

Nusu nyingine ilikuwa mikono. Nilikuwa nashika kingo za ubao, ndiyo maana ulikuwa unayumba. Viganja vikae bapa, usawa wa mbavu, ndipo usukume. Na kwa goti langu hakunilazimisha kuruka kwa mpigo mmoja kama vijana: mguu wa nyuma utangulie, ukanyage imara, ndipo wa mbele upite katikati ya mikono. "Ukipiga goti umeshakaa, mama." Nusu saa nzima nalala na kuinuka mchangani, na pembeni vijana wa sanaa wanapiga sarakasi hewani bila hata kuhema. Nilitamani mchanga unimeze. Nyumbani nikaendelea kwenye mkeka, mara kumi kabla ya chai, mjukuu akihesabu (na kuniibia hesabu).

Kijana ana adabu. "Shikamoo mama" haikosi. Lakini tukishaingia majini heshima inabaki ufukweni na kandambili: "Mama, macho! Usitazame miguu!" Na kweli, kila nilipoitazama nilianguka. Nikitazama minazi, nasimama.

Nilisimama somo la nne. Nikahesabu moja, mbili, tatu, chubwi! Somo la sita, katika mawimbi kumi nilisimama manne.

Sasa lawama. Kamba ya kifundoni, ile inayokufunga na ubao, ilikuwa imechakaa, na somo la tatu ikakatika. Ubao ukaenda zake kwenye ngalawa za watu, nikaanza kuomba radhi kabla sijafika. Mwalimu alitaka kuifunga fundo tuendelee, nikakataa, kesho yake akaja na mpya. Kubadilishia nguo hakuna pahala, utajistiri na kanga yako. Sponji inachubua tumbo na mikono, vaa fulana ya mikono mirefu inayobana. Na boya la kujiokoa hana, kwa hiyo kama hujui kuogelea anza na hilo kwanza, kwa mtu mwingine.

Nimeshalipia sita mengine, tunaanza bamvua ijayo. Ubao wa futi sita nauuza. Hauna tatizo lolote, anayeutaka tuelewane bei.