Mwajiriwa au mkandarasi: yupi akufae?

Ukimwajiri mtu, makaratasi huanza mapema: kujisajili kwa mamlaka ya kodi kama mwajiri, kumwandikisha kwenye hifadhi ya jamii, kisha kukata kodi kila mshahara. Mkandarasi yeye huleta ankara, unalipa, na kodi kwa kawaida anajilipia. Kwa wepesi, ameshinda.

Ila hapa ndipo wengi huumia. Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani, la 2006, linataka itazamwe hali halisi ya kazi, si jina la mkataba. Ukimpangia saa ya kuingia na anatumia vifaa vyako tu, huenda huyo ni mwajiriwa, na michango ya nyuma utadaiwa wewe.

Wa kukaa kaunta kila siku, mfanye mwajiriwa. Wa kupaka rangi ofisi mara moja, mkandarasi anatosha.