Boti ya kwanza: kabla ya kuuliza mita ngapi, uliza dakika ngapi

Anayetaka kununua boti yake ya kwanza huanza na urefu. Mita ngapi zinatosha? Mimi humrudishia swali jingine: tangu roho ikwambie twende, mpaka chombo kielee, zitapita dakika ngapi? Zikiwa chini ya thelathini, utaitumia. Zikipita saa mbili, utakuwa mtu wa kuisimulia boti yako kuliko kuiendesha.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa na boti ya mita 9: kibanda, vitanda vinne, jiko, choo. Kila safari ilitanguliwa na shughuli. Tafuta watu wawili wa kukusaidia, vua maturubai, kagua ngama (chini ya sakafu, maji yanakotuama), chaji betri, fungua vali, na ukimaliza upepo umeshageuka. Mwaka wa kwanza nilitoka mara saba. Huko nyuma, kwenye shetri, kilikuwa kimefungwa kimashua cha mbao cha mita 3, kazi yake kunitoa ufukweni na kunifikisha kwenye boti. Hicho ndicho nilichokuwa nikikipanda kila wiki, jioni, peke yangu, na makasia mawili na kopo la kufulia maji. Mwaka wa pili niliiuza kubwa, nikabaki na hicho.

Hesabu zenyewe ziko upande wa ndogo. Chombo kikiwa na umbo lile lile na urefu ukawa mara mbili, eneo la kupaka rangi huwa mara nne na uzito mara nane. Mwendo je? Chombo kinachokata maji, kisichoruka juu yake, hufungwa na urefu wa sehemu iliyozama: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 2.43, upate maili za baharini kwa saa. Mita 4 zinakupa karibu 4.9. Mita 9 zinakupa karibu 7.3. Yaani umeongeza uzito zaidi ya mara kumi ili upate mwendo wa mara moja na nusu. Na usisahau kwamba maegesho ya boti mara nyingi hutozwa kwa mita, na kwamba tanga linaloshikwa kwa mkono kwenye mashua ndogo, kwenye kubwa linadai winchi, kamba nene na mtu wa pili.

Kuna na jambo la kina. Mashua ndogo huingia maji ya magotini. Ikigusa mchanga unashuka, unaisukuma, unapanda tena huku suruali inachuruzika. Kubwa ikipwelewa, unakaa humo umeinama upande ukisubiri maji yajae, na kila anayepita anakutazama.

Sasa nipange. Huu ni mpango wangu kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza, wa kutembea na kujifunza, si wa biashara.

Nafasi ya kwanza naipa mashua ya wazi ya tanga na makasia, mita 4 hadi 5. Hakuna chombo kingine kinachofanya mambo mengi kwa vitu vichache hivyo. Upepo ukiwepo unatweka, ukikatika unavuta makasia, na injini ndogo ya kupachika ukitaka. Watu watatu wanakaa bila kubanana. Usiku unaweza kutandika turubai juu na kulala sakafuni. Mfano unaojulikana ni Wayfarer, iliyochorwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957, urefu mita 4.82 na uzito wa karibu kilo 170. Mwingereza mwingine, Frank Dye, aliipeleka ya kwake kutoka Scotland hadi Iceland mwaka 1963, akiwa na mwenzake mmoja. Mwaka uliofuata alielekea Norwei, tena wakiwa wawili, wakakutana na dhoruba iliyowavunjia mlingoti na kuwapindua zaidi ya mara moja, na bado walifika. Simwambii mtu aige. Ninachosema ni kwamba mashua ya aina hii ikitengenezwa vizuri ina akiba kubwa kuliko unavyodhani ukiiona ufukweni.

Tena ndiyo mwalimu bora. Ukihama kidogo kwenye kiti, mashua inakujibu. Ukilegeza kamba ya tanga kwa upana wa kiganja, inasimama wima. Ukikosea kubisha, yaani kuigeuza ikatize upepo, inakwama omo (sehemu ya mbele) imeangalia upepo na tanga linapigapiga, na kosa umelijua palepale. Kwenye boti nzito kosa hilo hilo hujitokeza baada ya dakika nzima, na wewe huna tena hakika ulifanya nini.

Ukienda kuiangalia, usiridhike kuiona imesimamishwa tayari. Mwombe muuzaji aulaze mlingoti na kufunga kila kitu kama cha kusafirishwa, kisha uiandae mwenyewe yeye akiwa ametulia pembeni. Tazama saa. Baadaye kagua matangi ya hewa: ndiyo yanayoiweka juu ikijaa maji, na vifuniko vyake mara nyingi vimepasuka mpira.

Ya pili ni kayaki. Kwa kipimo changu cha dakika ingestahili ya kwanza: kilo 20 hadi 30, unaibeba begani, kafi mkononi, umeondoka. Imeshuka kwa sababu unakwenda peke yako na kwa sababu upepo ukikaza kutoka nchi kavu mikono yako ndiyo injini pekee. Anayeanza achukue ile ya kukalia juu, yenye matundu ya kutoa maji. Ile ya kuingia ndani ni tamu zaidi, lakini jifunze kwanza kurudi ndani yake ukiwa kwenye maji ya kina, si ya kiunoni.

Boti ya mpira yenye injini naiweka ya tatu, na nakiri simo katika wapenzi wake. Ni imara ajabu, haipinduki kirahisi, inabeba watu na mizigo, na ile inayokunjwa inaingia nyuma ya gari. Adui yake ni jua. Za PVC, aina ya plastiki, ni rahisi kwa bei, lakini zile zilizogundishwa huachia kwenye maungio zikipigwa na joto miaka mingi. Za haipaloni, aina ya mpira, huvumilia zaidi, na bei yake inakwambia hivyo. Ukinunua iliyotumika, ijazwe upepo jioni, uje asubuhi uibonyeze. Muuzaji anayesema ameijaza sasa hivi “ili usisumbuke” ana sababu yake. Injini iwashwe ikiwa baridi, ugusie kifuniko kabla, na uangalie kijito cha maji kinachorushwa nyuma: kikiwa dhaifu au kinakatika, mfumo wa kupoza una shida.

Ya nne ni mashua ya mbio ya mtu mmoja, mfano Laser iliyochorwa na Mkanada Bruce Kirby: mita 4.23, ganda kilo 59, iliyoingia Olimpiki mwaka 1996. Hakuna raha inayoifikia siku ya upepo. Lakini unalowa kila safari, na nyumbani hakuna atakayetaka kuja nawe. Ukiipata ya zamani, mimina maji kwenye tundu la mlingoti, yaache yatulie. Yakishuka, kitako kimepasuka, na siku ya upepo mlingoti utaondoka na kipande cha sitaha.

Ya tano, boti ya kibanda ya mita 5.5 hadi 7 inayopanda trela. Mwenye watoto wadogo, wanaohitaji kivuli na mahali pa kusinzia, aipandishe hadi ya kwanza, sitabishana naye. Wengine wajiulize kwa ukweli ni usiku mingapi watalala humo kwa mwaka. Kumbuka pia gari lako: uzito wa kuvuta ni wa boti, trela, injini, mafuta na maji, si ule tu uliochapwa kwenye karatasi ya boti.

Mita 9 na kuendelea nimeiweka mwisho, si kwa chuki. Inayumba polepole, inakauka ndani, inabeba chakula na maji ya wiki nyingi. Anayehamia majini, anayevuka bahari kuu na familia, au mwenye mke anayetapika kwenye kila chombo kidogo, huyo anunue kubwa na asitake ushauri wangu. Ila asinunue kwa kudhani ukubwa peke yake ndio usalama. Mwaka 1965 Mmarekani Robert Manry alivuka Atlantiki kutoka Marekani hadi Uingereza kwa siku 78, ndani ya mashua ya mita 4.1.

Yoyote utakayochagua, ukiwa mbele yake fanya haya. Ya faiba, igonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia omo hadi shetri. Sauti kavu ni nzuri, ikigeuka butu mahali, hapo pameoza au pameachana ndani. Ya mbao, chukua kisu chembamba uchome taratibu kando ya mkuku (uti wa chini wa mashua) na chini ya shetri, penye kalafati, yaani pamba ya kuzibia nyufa, mpya kuliko kwingine. Ikiwa ina injini, ishike uitikise juu na chini huku jicho likiwa kwenye ubao inapofungwa. Ubao ukicheza, hesabu fundi. Zungusha magurudumu ya trela usikilize beringi.

Kisha iwekwe majini, ifungwe, mkanywe chai na muuzaji kwa saa nzima. Mkirudi, fungua ubao wa sakafu kabla yake, uone kama maji yameingia.