Sigiri ya rolex kutoka Katwe: maoni yangu kwa wanaoanza na mtaji mdogo

Wengi wameniuliza kuhusu sigiri yangu, yaani jiko la makaa, hasa wanafunzi na majirani wa hapa Kansanga, Kampala, wanaopita jioni kula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wakaona tawa, lile bamba la kuchomea chapati, haliunguzi upande mmoja na moshi hauwapigi usoni, kwa hiyo wacha niandike vizuri niliitoa wapi, inafanyaje kazi na nini hakikunifurahisha. Maana hii biashara watu wanadhani ni unga na mayai tu, kumbe jiko ndo linaamua kama mwisho wa mwezi unabaki na kitu mfukoni au ulikuwa unamfanyia kazi muuza makaa.

Nilitengenezewa Katwe, kule kwa mafundi wa vyuma. Mtu wa Kampala anapajua, ukishika barabara ya Entebbe kutoka Clock Tower nyundo unazisikia kabla hujaona kitu. Mageti, mashine za popkoni, mashine za kukata majani ya ng'ombe, masufuria makubwa ya alumini ya kupikia posho (ugali) shuleni, vyote vinatoka pale. Na sigiri za chapati zimepangwa nje kabisa, zimepakwa rangi nyeusi inang'aa, zinaanzia shilingi za Uganda laki moja na kidogo. Hizo za kupangwa nje mi sikununua na sikushauri, si kwamba zote ni mbaya jamani, ila hujui ndani kuna nini, unaona rangi tu. Bati ni jepesi, ukigonga kwa kidole linalia, na tawa lenyewe ukilibonyeza kwa mikono miwili linacheza.

Mi niliagiza. Nilielekezwa na dada mmoja anayeuza rolex Kabalagala, sigiri yake nilikuwa naiangalia kila nikipita hadi siku moja nikamuuliza, akanipa namba ya fundi hapohapo bila kunificha, Mungu ambariki. Fundi yuko ndani ndani, nyuma ya wanaouza vyuma chakavu. Nikamwambia nataka tawa la bamba la milimita 6, mwili wa bati la geji 16, ndani pakandikwe udongo wa mfinyanzi, wavu wa nondo nene unaotoka (maana nondo ndo zinaliwa na moto kwanza, kama zimechomelewa moja kwa moja utanunua sigiri nyingine kwa sababu ya nondo tano tu), droo ya majivu yenye kimlango cha kupunguza hewa, na miguu ifike usawa wa kiuno changu. Hiyo ya miguu usione ndogo. Unasimama pale toka alfajiri, sigiri ikiwa chini mgongo unakufa, na alikuja na futi akanipima kabisa, hicho kitu nilikipenda sana.

Tukabishana kwenye rangi tu. Alishamaliza kuchomelea, akachukua kopo la rangi nyeusi na brashi anataka kupaka mpaka juu ya tawa. Nikamwambia fundi hapo hapana, hapo ndo chakula kinalala. Akasema, "Dada, bila rangi wateja wako wataona kutu, watakimbia." Nikamwambia paka miguu, paka ubavu, tawa niachie. Akacheka akaweka brashi chini, akachukua kipande cha mawe ya kusagia akalisugua tawa taratibu, kona hadi kona, mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Ile kazi aliifanya bila kuniongezea hata mia. Na wewe ukienda simamia hapo hapo, na uliza chuma cha tawa kilikuwa nini zamani. Kikiwa bati la mabati ya kuezekea, lile lenye zinki, kataa, likipata moto mkali linatoa moshi wenye sumu. Chuma cheusi cha kawaida ndo chenyewe.

Sasa faida ya bamba nene ni hii. Tawa jembamba ukimwaga mayai mawili yenye nyanya na kabichi linapoa ghafla, yai linang'ang'ania, unaongeza mafuta, unachochea makaa, halafu chapati inayofuata inaungua kwa sababu sasa moto umezidi. Nene linashika joto, linapokea yai baridi kama halikuguswa. Halafu jembamba baada ya muda linabonyea katikati, mafuta yote yanakimbilia hapo kama maji ya mvua kwenye shimo la barabara, na chapati zako kati zinaelea na pembeni ni kavu. Langu nimelitumia toka nianze na bado ukiweka tone la mafuta linakaa pale ulipoliweka.

Udongo wa ndani nao ndo uliniokoa kwenye makaa. Makaa Kampala hayana mchezo, na tangu ile amri ya rais ya Mei 2023 ya kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara kule kaskazini kila muuzaji ana sababu ya kupandisha. Jirani yangu ana sigiri ya pipa isiyo na udongo, tunafungua pamoja asubuhi, yeye ikifika saa sita anaongeza kaveera lingine, mfuko mwingine wa makaa, mi nafunga kimlango cha hewa wateja wakipungua, moto unalala, wakirudi saa kumi nafungua unaamka wenyewe. Na ubavu hauunguzi, mtoto wa dukani akigusa kwa bahati mbaya hapati kidonda.

Yasiyopendeza yapo, tena niyaseme wazi. Muda. Aliniambia Jumatano, nikaenda Jumatano nikakuta hata bati halijakatwa, anasema umeme ulipotea, nikaenda tena, mara chuma hakijaja. Ukipanga siku ya kufungua biashara usiipange kwa ahadi ya fundi, acha sigiri ifike kwanza nyumbani. Advansi ukitoa nusu mwambie aandike kwenye karatasi na sahihi, risiti hana. Mguu mmoja ulikuja kulegea pale alipochomelea, sigiri ikawa inainama upande, na sigiri inayoinama yenye makaa na mafuta moto si kitu cha kuchezea. Nilimpigia, akaja mwenyewe na mashine akarudia kuchomelea miguu yote minne bure, hilo nampa sifa, ila lilitakiwa kuwa sawa toka mwanzo, kwa hiyo kabla hujalipa iegemee kwa uzito wako, itikise, kagua kila kiungo. Halafu ni nzito. Boda hawezi, nilikodi pikapu kupitia Nsambya, na kila jioni lazima niite mtu wa kunisaidia kuiingiza ndani ikishapoa. Na maji usimwage ndani eti uzime haraka, udongo unapasuka.

Ukiifikisha nyumbani usikimbilie kuuza. Washa moto nje, kamwe si ndani ya chumba, gesi ya makaa inaua kimya, acha rangi ya ubavu iungue mpaka harufu iishe. Tawa lisugue chumvi na kitunguu, futa, paka mafuta kidogo, choma, futa, rudia mpaka liwe jeusi lenye kung'aa kwa mafuta yake lenyewe. Chapati za kwanza kula wewe na watoto.

Pesa sasa. Sigiri na tawa nililipa 280,000, nilianza kuombwa 350,000. Ukilinganisha na ya nje ya laki moja na kitu unaona ni ghali, lakini angalia hesabu ya rolex moja ya mayai mawili ninayouza 3,000: trei nanunua 13,000 kwa hiyo mayai ni kama 870, kilo ya unga inanipa chapati nane au tisa za kushibisha kwa hiyo chapati na mafuta yake ni kama 550, mboga na mafuta ya kukaangia kama 250. Inabaki 1,300 na kidogo, na hapo bado makaa, kodi ya baraza na anayenisaidia. Huwezi kugusa bei ya mayai, huwezi kugusa bei ya unga hata ukienda Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla mjini, ununue kwa jumla, utapunguza kidogo tu. Makaa ndo sehemu pekee iliyo mkononi mwako, na inategemea sigiri. Ndo maana mi nasema mtu mwenye laki tano ya kuanzia asiweke pesa kwenye mwavuli na kabati la vioo la kupendeza kwanza. Aweke kwenye moto. Kabati langu ni la mbao na nailoni safi na wateja wanakuja.

Mahali pa kuiweka pia pafikirie kabla ya kuagiza, kwa sababu sigiri nzito hivi huwezi kukimbia nayo. Januari 2022 KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, waliondoa wachuuzi wa barabarani mjini na wengi walipoteza vitu, mi niko kwenye baraza la duka, namlipa mwenye duka kila mwezi na nalala usingizi. Kwenye malipo wanafunzi wengi wanatuma kwa simu, na ile pesa siitoi yote, namlipa muuza unga na muuza mayai moja kwa moja kwa simu, kwa sababu ushuru wa 0.5% unakatwa ukitoa, ukituma haukugusi.

Kwa anayepika chapati kumi za nyumbani hii usinunue, itakula makaa bure kabla haijashika joto. Anayefikiria kuuza kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na maharage, amwambie fundi aongeze tundu la pili la sufuria ya maharage upande wa kulia, mi sikuweka na sasa nimeshaagiza, anasema kuikata na kuchomelea upya ni 60,000, bado tunavutana tufike 45,000.