Laptopu ya gemu kwa elfu themanini na tano, na joto la Mombasa

Bajeti yangu ilikuwa shilingi 85,000, na humo humo itoke laptopu, RAM ya kuongeza na kistendi cha feni. Kwa pesa hizo hapa Mombasa unachagua moja kati ya mawili: mpya yenye jina, au mtumba yenye nguvu. Mimi nilichukua mtumba. Ni Lenovo Legion 5 ya mwaka 2020, prosesa Ryzen 7 4800H, kadi ya grafiki GTX 1660 Ti ya 6GB, skrini ya inchi 15.6. Nimeitumia kaskazi yote, ile miezi ambayo ukitoka kuoga unaanza kutoa jasho kabla hujafika chumbani, kwa hivyo ninachosema hapa kimepita jotoni.

Naanza na joto kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu. Hizi video tunazotazama za kukagua laptopu, nyingi zinarekodiwa katika vyumba vyenye kiyoyozi, nyuzi 21 au 22. Chumba changu kiko Likoni, juu ni bati, na saa nane mchana mwezi wa Februari ndani kunapita nyuzi 32. Feni ya laptopu haitengenezi baridi. Inavuta hewa iliyopo chumbani na kuipitisha kwenye mapezi ya shaba, basi. Hewa ikiwa na nyuzi kumi zaidi, karibu zote kumi zinahamia kwenye chipu. Mashine iliyofika nyuzi 85 kule kwa mkaguzi, hapa kwetu itagonga 95, na ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana unasikia watu wakilalamika gemu inaanza vizuri, baada ya robo saa inakwamakwama. Wanasingizia gemu, wanasingizia Windows, kumbe ni feni na bati.

Jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalitaji, na wengine nadhani hawalijui kabisa, ni wati. Jina la kadi peke yake halitoshi. RTX 3050 ya laptopu, toleo la 4GB lililotoka mwaka 2021, Nvidia, kampuni inayounda kadi hizo, inawaruhusu watengenezaji wa laptopu kuipangia umeme kuanzia wati 35 hadi 80. Kibandiko ni kilekile, mashine ni mbili tofauti kabisa. Ile nyembamba inayopendeza kubeba mara nyingi ndiyo iliyopangiwa wati chache, kwa sababu haina pa kutolea joto. Kwa kadi za RTX 30 na kuendelea, fungua Nvidia Control Panel, nenda kwenye maelezo ya mfumo, utaikuta nguvu ya juu kabisa imeandikwa. Na kwa kadi yoyote, ya zamani au mpya, weka HWiNFO, programu ya bure ya kupima mashine, uangalie wati na nyuzi wakati mashine inafanya kazi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya katika maduka ya Digo Road na Moi Avenue, nikiwa na flashi yenye HWiNFO na FurMark, ile programu ya kuichosha kadi makusudi. Maduka mengine hawakutaka hata niichomeke. Nikashukuru, nikatoka. Katika duka moja kulikuwa na laptopu mpya, nyembamba, RTX 3050, bei elfu tisini na kitu lakini ilikuwa inaelekea kushuka. Ilianza na wati 60 hivi. Dakika kumi baadaye ilikuwa inachezea 40, na hapo tuko ndani ya kiyoyozi.

Legion niliipata kwa mzee mmoja anayeleta za mtumba kutoka Uingereza. Nilimwomba anipe nusu saa.

"Mzee wangu, naomba niiache ifanye kazi kidogo. Na kama hutojali, hiyo AC tuizime."

"AC nizime? Wateja wangu waende wapi?"

Tukakubaliana niitoe mlangoni, juu ya stuli, upande wa jua la barabarani. Mashine inavuma, wapita njia wanachungulia, mzee anakuja mara kwa mara kutazama kama nimeridhika. Mwishowe akaniuliza, "Wewe kijana, unanunua laptopu au unaposa?" Nikacheka lakini sikuizima. Prosesa ilifika nyuzi 93, kadi ikatulia kwenye 80 na kitu, na wati hazikushuka chini ya 75 hadi nilipomaliza. Kadi hiyo imepangiwa wati 80. Pale mlangoni, bila AC, ilikuwa inampa mtu karibu kila alicholipia.

Kisha nikamwomba fundi wake aifungue chini. Hili naliona ni la lazima kwa sisi wa pwani hata kama muuzaji anakunja uso. Ndani unatazama vitu viwili. Kwanza vumbi kwenye mapezi ya shaba, hilo linasafishika. Pili rangi ya kijani kwenye shaba au ukungu mweupe kwenye miguu ya vipande vya ubao, maanake hiyo ni kutu ya chumvi na hiyo haisafishiki kirahisi. Laptopu iliyokaa mwaka mzima dukani karibu na bahari inaweza kuwa nayo hata kama nje inang'aa. Yangu ilikuwa na vumbi la kutosha kufinyanga, lakini shaba nyekundu safi.

Betri ndiyo iliyonipa nguvu ya kushusha bei. Ukiandika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt unapata ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na ujazo gani na sasa inabeba kiasi gani. Hii ilizaliwa na 60,000 mWh, kipimo cha umeme inaobeba, imebaki na 44,000 hivi. Nikamwonyesha mzee. Tulikuwa kwenye shilingi 76,000, tukafika 72,000, nikalipa kwa M-Pesa nikapewa risiti ya ETR, ile rasmi ya kodi, yenye namba ya mashine. Risiti usiisamehe. Laptopu za wizi zipo mjini, na siku ukiulizwa umeipata wapi, maneno ya mdomo hayatakusaidia.

Kuna za bei ya chini zaidi, elfu thelathini na tano, arobaini, na ndizo zinazosukumwa sana kwa vijana. Nyingi ni Intel ya kizazi cha saba na GTX 1050. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi zinajitembeza kweli. Prosesa za kizazi hicho, isipokuwa chache sana, hazimo katika zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kadi zenyewe, zote za GTX 10, Nvidia ilizitolea draiva, yaani programu inayoendesha kadi, ya mwisho ya gemu Oktoba hiyohiyo. Kilichobaki ni viraka vya usalama hadi 2028. GTX 16 hazimo katika mkumbo huo kwa sababu ndani ni usanifu wa Turing, uleule wa RTX 20. Kwa hivyo ukiona i7-7700HQ, ile 7 ya kwanza ndiyo kizazi. Ukiona i7-8750H, hiyo ni ya nane na Windows 11 inaikubali. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili dukani wakati mwingine ni elfu chache tu.

Mtumba wa Uingereza una raha yake moja: plagi ni ya pini tatu kama zetu, inaingia ukutani moja kwa moja. Utaona alama ya pauni juu ya 3, na alama ya @ imehamia karibu na Enter. Unazoea. Zile za Marekani pia zinafanya kazi, chaja zake husoma volti 100 hadi 240, unanunua tu kichwa cha plagi. Za Ujerumani mimi nilizikwepa kwa sababu Z na Y zimebadilishana nafasi, na nina kazi ya kuandika mchana.

Sasa gemu zenyewe. Niliongeza RAM ya 8GB kwanza, kwa sababu ilikuja na kijiti kimoja cha 8GB na Ryzen inakonda sana ikiwa na kijiti kimoja. Vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba na fremu, yaani picha kwa sekunde, zinatulia, hasa zile za chini zinazokufanya uhisi mkwamo. GTA V kwa 1080p inapita fremu 60 ikiwa imepangwa juu, bila kuhangaika. Kwa eFootball mashine haijui hata kama inafanya kazi. Counter-Strike 2 kwa mipangilio ya chini inapita 100 karibu muda wote. Gemu nzito za miaka hii miwili mitatu naziweka kati na kuwasha FSR, mbinu ya AMD ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, ambayo matoleo yake hadi la tatu yanakubali hata kadi za Nvidia. Picha inapoteza ukali kidogo, mimi sijali.

Mpaka wake upo na ni vizuri uujue kabla ya kulipa. GTX 1660 Ti haina vipande vya kukokotoa miale ya mwanga, na kuna gemu ambazo sasa haziwaki bila hivyo: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ni mojawapo, Doom: The Dark Ages ya 2025 nyingine. Kama hizo ndizo unazotaka, tafuta kadi ya RTX yenye kumbukumbu ya angalau 8GB na uongeze pesa. Mimi nacheza mpira na marafiki zangu wa mtaani, GTA, na zile za kupiga risasi. RTX 3050 ingenipa miale, lakini kwa 4GB ya kumbukumbu miale hiyo ingekuwa ya kutazama kwenye menyu tu.

Kuibeba ni kazi. Mashine inakaribia kilo mbili na nusu, chaja ya wati 230 ni tofali, na kwa mtu anayevuka feri asubuhi akisukumwa na watu wenye haraka, begani unaisikia. Bila chaja usitarajie gemu. Hakuna laptopu ya gemu inayotoa nguvu zake zote kwa betri. Stima ikipotea nahifadhi, nazima, nakwenda barazani. Nyumbani nimeipitisha kwenye kinga kama ile ya friji, maana stima ikirudi kwetu hurudi na hasira. Kuhusu tokeni, watu huogopa kupita kiasi: ikivuta wati 150, saa tano za kucheza ni robo tatu ya uniti.

Joto nimelishusha kwa njia zisizogharimu. Fundi aliondoa ile dawa ya zamani iliyokauka kati ya chipu na shaba, akapaka mpya. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nimeweka kiwango cha juu cha prosesa 99 badala ya 100. Asilimia hiyo moja inaizuia prosesa kujirusha kasi isiyohitajika, na nyuzi zilitoka tisini na kitu zikaingia themanini na kidogo, fremu zikapungua kwa kiasi ambacho sikukiona mchezoni. Kwenye Nvidia Control Panel nimefunga fremu zisizidi 60 kwa gemu za hadithi. Fn na Q pamoja zinabadilisha mwendo wa feni: taa ya kitufe cha kuwashia ikiwa nyekundu inavuma mpaka mama anauliza chumba cha pili kuna nini, ikiwa nyeupe inatosha kwa mengi, ya buluu ni ya kuandikia. Kistendi cha feni cha 2,500 kinasaidia nyuzi tatu nne, na sehemu kubwa ya msaada huo ni kule kuinuliwa tu. Vitabu viwili chini ya miguu ya nyuma vingefanya karibu kazi ileile, ila kistendi hakiporomoki. Kitandani usiiweke kamwe. Godoro linaziba matundu ya chini.

Nafasi ndiyo inayonibana sasa. SSD ni ya 512GB, EA Sports FC peke yake inaomba 100GB, GTA V nayo haiko mbali. Kuna nafasi ya kuongeza diski nyingine ndani, na ndiyo ununuzi wangu unaofuata, kabla hata ya betri.

Kama una elfu hamsini na hutaki kungoja, nisingekupa laptopu ya gemu kabisa. Ningekuambia uchukue kompyuta ya mezani ya ofisini ya mtumba, yenye Intel ya kizazi cha nane au zaidi, uitie GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Kwa gemu ngumu itakupa zaidi ya laptopu yoyote ya bei hiyo, na ndani yake kuna nafasi ya hewa kupita. Pima kwanza kasha: zile ndogo bapa zinataka kadi fupi ya nusu urefu, na Moi Avenue si kila duka linazo.